Shajara ya mradi: presha, chumvi, tumbaku na wanaume wasiopatikana nyumbani, Kigoma 2024

Machi

Barua ya Katibu Tawala wa Mkoa imetoka, na cheti cha maadili cha NIMR, Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu, tulikuwa nacho tayari. Kilichobaki ni kupita kwa watendaji wa kata na wenyeviti wa mitaa kujitambulisha, kazi inayotaka uvumilivu zaidi kuliko mafuta ya pikipiki.

Tunachotafuta ni hali ya watu wazima wa Manispaa ya Kigoma Ujiji na wa vijiji vya Halmashauri ya Wilaya ya Kigoma: wanavuta au kunusa tumbaku kiasi gani, wanakunywa nini, chumvi inaingiaje kwenye chakula, mwili unafanyishwa kazi au unakaa tu, na presha zao zikoje. Zahanati zina takwimu, lakini ni za waliokwenda zahanati. Presha ya juu haiumi. Aliye nayo huweza kuvua, kulima na kucheza ngoma harusini kwa miaka, asipange foleni hata siku moja, mpaka siku anapoanguka. Huyo hayumo kwenye daftari la mganga. Njia ya kumjua ni kumfuata kwake.

Tumesoma kwanza yaliyokwisha kufanywa. Utafiti wa kitaifa wa afya ya uzazi na mtoto na viashiria vya malaria wa 2022 uliwahoji wanawake 15,254 na wanaume 5,763. Ni hazina kubwa, lakini mahojiano yake ni ya watu wa miaka 15 hadi 49. Baba wa miaka 55, ambaye ndiye hasa tunamwogopea moyo na figo, hayumo. Utafiti wa viashiria hatarishi vya magonjwa yasiyoambukiza wa 2012, uliofuata utaratibu wa Shirika la Afya Duniani uitwao STEPS, uliwachukua wa miaka 25 hadi 64, ukakuta takriban asilimia 26 wana presha ya juu na asilimia 9.1 wana kisukari. Kisha kuna utafiti wa tumbaku wa 2018: watu wazima asilimia 8.7 wanatumia tumbaku, wanaume 14.6 na wanawake 3.2. Takwimu hizi zinaieleza nchi. Mganga wa kata ya pwani ya ziwa akizishika mkononi, bado hajui aanzie mtaa gani.

Hesabu ya sampuli tumeifanya kwa asilimia 26 hiyo. Tukitaka jibu lisipotoke zaidi ya pointi tano juu au chini, kwa uhakika wa asilimia 95, watu 296 wangetosha kama tungewaokota mmoja mmoja kutoka wilaya nzima. Lakini tunawapata kwa makundi, na majirani hufanana: wanachota maji sehemu moja, wananunua duka moja, wanakula samaki wa mwalo mmoja, yaani sehemu moja ya pwani mitumbwi inakopakulia. Kwa hiyo tumezidisha kwa 1.5, ikawa 444, kisha tukaacha nafasi ya wale ambao hatutawapata au watakataa, asilimia 15, ikafika 523. Tumeamua maeneo 25 ya kuhesabia watu kutoka fremu, yaani orodha ya maeneo, ya Sensa ya 2022, kaya 21 kila eneo, mtu mmoja wa miaka 18 hadi 69 kila kaya. Damu hatutachukua. Kupima sukari kunataka mtu awe hajala tangu usiku, na kunataka fedha ambazo hatuna.

Ramadhani imeingia. Ujiji mchana jiko limezimwa, futari ndiyo mlo. Ukimuuliza mtu sasa anakula matunda siku ngapi kwa wiki, atakupa jibu la mwezi mmoja wa mwaka. Hatugongi mlango wa mtu kabla ya Idi.

Aprili, baada ya Idi

Mafunzo ya wadadisi. Nitaandika kidogo kuhusu dodoso na sana kuhusu presha, maana hapo ndipo utafiti huharibika bila mtu kujua.

Mtu akikuona na kishikwambi na mkanda wa kupimia, moyo unakwenda mbio. Utaratibu tunaoufuata unataka apumzike dakika 15, miguu isipishane, mgongo uegemee, mkono ulale juu ya kitu ulingane na moyo. Anapimwa mara tatu, dakika tatu katikati, na tunachukua wastani wa vipimo viwili vya mwisho. Mkanda ukiwa mdogo kuliko mkono, namba inapanda kwa uongo. Hapa tuna watu wanaovuta nyavu na kupiga kasia tangu utotoni, mikono yao ni minene kama mapaja yangu. Kila timu inabeba mikanda ya saizi tatu, na mdadisi anaupima mkono kwa tepu kabla ya kuchagua.

Dakika zile 15 za kupumzika ndizo zinazoibwa kwanza kazini. Mdadisi ana kaya nyingine zinamsubiri, jua linakwenda. Tumepanga dodoso ili sehemu ya tumbaku, pombe na chakula iulizwe mtu akiwa amekaa, kisha aachwe kimya, ndipo mkanda ufungwe. Kishikwambi hakifungui ukurasa wa presha mpaka muda upite.

Mizani haitaki mchanga. Nyumba nyingi za pwani sakafu ni udongo, kwa hiyo kila timu ina kipande cha ubao mgumu. Kiuno kinapimwa katikati ya mbavu ya mwisho na mfupa wa nyonga, na mwanamke anapimwa na mwanamke, ndani, mlango umefungwa. Mjamzito hapimwi kiuno.

Kadi za picha tumezichora upya. Kadi za kimataifa zinaonyesha chupa za bia na glasi za mvinyo. Huku kuna pombe ya ndizi inayonywewa kwenye kibuyu na gongo linalopimwa kwa kikombe cha chai. Kipimo cha kimataifa cha kinywaji kimoja ni gramu 10 za kilevi halisi, na bila kujua kibuyu kimebeba kiasi gani, jibu la "viwili tu" halina maana. Kwenye mafuta tumeyapa mawese mstari wake. Karibu nusu ya mafuta ya mawese ni ya aina inayoganda, na Kigoma ndiyo nyumbani kwa mchikichi. Kuyafukia kwenye "mafuta mengineyo" kungefuta kitu tunachokitafuta.

Kuhusu tumbaku tumeongeza swali linalojitegemea la ugoro. Bibi mmoja jirani yetu, tulipomjaribia dodoso, alijibu kwa uchungu kidogo: "Mimi nivute sigara, mwanangu? Utu uzima huu?" Dakika chache baadaye akafungua kikopo chake cha ugoro kiunoni. Alikuwa amejibu kweli kabisa. Tulikuwa hatujamuuliza.

Mei, siku za giza

Jaribio la awali Kibirizi. Timu imerudi na dodoso zimejaa, sura zao zimefurahi. Nimekaa nazo jioni. Wanawake wengi, wazee wa kiume kadhaa, vijana wa kiume wachache sana, na kati ya hao karibu wote ni wenye duka, bodaboda au mafundi. Mvuvi hakuna.

Hii ni Kibirizi, mwalo ambao dagaa wake wanafika Dar es Salaam na kuvuka mipaka, na utafiti wetu umepita hapo usione mvuvi.

Nimekwenda kwa mzee mmoja aliyewahi kuwa na mitumbwi yake, nikamwamkia, nikamweleza. Akanitazama. "Shikamoo nimeipokea. Sasa wewe umewatafuta lini?" Nikamwambia wiki hii, asubuhi na mchana. "Wiki hii giza. Giza watu wako ziwani usiku kucha, asubuhi wanapakua, mchana wanalala, na wengine hawalali hapa, wamehamia kambi za mbele wanakofuata samaki. Njoo mwezi ukiwa mkubwa. Taa haivuti dagaa kukiwa na mbalamwezi. Hapo utawakuta, wanashona nyavu, wamekaa na watoto wao."

Kila mtoto wa Kigoma analijua hilo. Lakini kalenda ya utafiti hupangwa kwa robo ya mwaka wa fedha, na hakuna safu ya mwezi angani kwenye jedwali la kazi.

Nataka niliandike vizuri hapa kwa sababu ndilo jambo ninalolijali kuliko yote katika mradi huu. Watu wa takwimu wana dawa ya sampuli iliyoelemea upande mmoja: uzani. Ukipata wanaume pungufu, kila mwanaume uliyempata unampa uzito zaidi, mpaka jumla ilingane na sensa. Inafanya kazi iwapo uliowapata wanafanana na uliowakosa. Kijana mwenye duka la Mwanga na kijana mvuvi wa Kibirizi wana umri mmoja na jinsia moja, sensa inawaweka kapu moja. Lakini mmoja analala usiku, mwingine anakesha kwenye maji na baridi, anavuta sigara ili asisinzie, anakula ugali wa muhogo na dagaa mara moja kwa siku, na fedha anaipata kwa mkupuo. Nikimpa mwenye duka uzito wa watu wawili, nimemzidisha mwenye duka. Mvuvi bado hayupo.

Wamarekani walikutana na jambo la namna hii. Wana utafiti wa simu wa mienendo hatarishi ya watu wazima, BRFSS, ulioanza 1984 kwa majimbo 15 na sasa unahoji zaidi ya watu laki nne kila mwaka. Kwa miaka mingi walipiga simu za mezani. Watu walipoziacha na kubaki na za mkononi, hasa vijana na wapangaji, utafiti ukawa unawasikia waliobaki nyumbani. Mwaka 2011 wakaingiza simu za mkononi na kubadili namna ya kukokotoa uzani, wakatangaza wazi kwamba takwimu za kuanzia mwaka huo zisilinganishwe moja kwa moja na za nyuma. Walikubali kuuvunja mlolongo wa miaka yao kuliko kuendelea kuwakosa watu.

Kwa hiyo uamuzi: maeneo yote ya pwani yanahojiwa siku za mbalamwezi tu, na kila kaya inarudiwa hadi mara tatu, mara moja kati ya hizo ikiwa jioni, kabla ya kuandikwa kwamba mhusika hakupatikana. Kubadilisha kaya kwa jirani aliyepo, marufuku.

Mei, ziwa limefungwa

Tarehe 15 Mei uvuvi Ziwa Tanganyika umesimamishwa kwa miezi mitatu, hadi 15 Agosti, ili samaki wazaliane. Tulijua linakuja, lakini tulikuwa bado tunabishana maana yake kwetu.

Wenzangu wawili wanasema ndiyo fursa: wanaume wote watakuwa nyumbani, twende pwani sasa. Nimewasikiliza. Ni kweli watapatikana, wale ambao hawatakwenda mashambani au kutafuta vibarua mjini. Lakini tutampata mvuvi asiyevua. Tukimuuliza wiki ya kawaida anafanya kazi nzito saa ngapi, atajibu ipi? Samaki wamepungua sokoni, fedha hakuna, na pombe inafuata fedha. Tutakuwa tumepima kipindi cha kufungwa kwa ziwa, utafiti mwingine kabisa na mzuri, ila sio huu.

Tumekubaliana: Juni na Julai ni za milimani na mjini. Pwani, Septemba, mbalamwezi.

Juni, Kalinzi na Mahembe

Baridi ya Kalinzi asubuhi inataka koti. Kahawa inavunwa. Salamu ya Kiha kwanza, Kiswahili baadaye, na milango inafunguka.

Kumchagua mtu mmoja ndani ya kaya kumezua maneno. Tunatumia utaratibu uliobuniwa na mwanatakwimu Leslie Kish mwaka 1949: unaorodhesha watu wazima wote wa kaya, wanaume kwanza kuanzia mkubwa, kisha wanawake, na bahati nasibu inasema ni nani. Kishikwambi kinachagua binti wa miaka 19 na baba mwenye nyumba amekaa mbele yako. "Mwaniacha mimi mwenye mji mnamuuliza mtoto?" Mdadisi wetu wa kike alilijibu vizuri kuliko nilivyofundisha: "Baba, tungependa tuwaulize wote. Hii ni kura. Leo imemwangukia yeye, na hata angekuwa mwenyekiti asingeweza kuibadili." Baba akacheka, akaomba naye apimwe presha. Tulimpima, nje ya utafiti. Hilo tumelifanya sera: anayeomba kupimwa hapiti bure, ila namba yake haiingii.

Umri ni shida kwa wazee. Wengi wanasema sitini, hamsini na tano, arobaini. Tuna kalenda ya matukio: uhuru, vita vya Kagera, wakimbizi wa Burundi walioingia 1972 na wale wa 1993. "Warundi wa mara ya kwanza ulikuwa umeolewa, mama?" Umri unajitokeza.

Chumvi. Hapa ni ile ya Uvinza au ya pakiti, na hakuna anayeweza kukuambia gramu. Shirika la Afya Duniani linataka chini ya gramu 5 kwa siku. Tunauliza tabia: unaongeza mezani? Mara ngapi unakula vitu vilivyohifadhiwa kwa chumvi? Ni makadirio, nasi tutayaandika kama makadirio.

Julai

Tumesimama. Tarehe 20 uboreshaji wa Daftari la Kudumu la Wapiga Kura unazinduliwa hapahapa Kigoma. Watu wenye orodha, vifaa na maswali ya majina na umri watakuwa kila kata. Nasi tukipita siku hizohizo na vishikwambi, nusu ya watu watadhani ni sisi na nusu watadhani tunawadanganya. Kwenye maswali ya pombe na tumbaku mtu akikudhania wa serikali atakujibu kama anavyomjibu serikali. Tumetumia muda huu kusafisha takwimu za milimani.

Septemba, mbalamwezi

Mzee alikuwa sahihi. Wanaume wapo. Wamekaa chini ya miembe, nyavu magotini, redio inaimba. Kibirizi, Katonga, na timu moja imekwenda kwa boti hadi Mwamgongo, karibu na Gombe. Majibu yao sitayaandika humu kabla ya uzani kukamilika, ila naweza kusema kwamba dodoso za wavuvi hazifanani na za mjini, na mtu anaziona tofauti hizo hata kabla ya kompyuta.

Faragha ndiyo imekuwa kazi. Mvuvi hayuko peke yake kamwe. Ukimuuliza pombe mbele ya wenzake anajibu kwa majigambo, ukimuuliza mbele ya mama yake anakuwa sheikh. Tumejifunza kuomba: "Kaka, tusogee hapo kwenye mtumbwi, kuna vipimo." Vipimo wanaviheshimu. Wakisogea wawili tu, sauti inashuka na majibu yanakuwa ya mtu mzima.

Tulimpata mmoja ambaye vipimo vyote vitatu vilipita 180 juu na 110 chini. Hajawahi kupimwa maishani. Anajisikia mzima, na usiku wa giza ukirudi anataka kwenda ziwani. Kanuni yetu inasema rufaa siku hiyohiyo. Msimamizi aliacha kazi zote akampeleka kituo cha afya mwenyewe, akakaa mpaka akaonwa. Siku ile timu haikufikisha kaya zake. Niliwaambia wasihesabu upungufu huo. Hatuwezi kuingia kwa mtu, tukamwambia mwili wake una hatari, kisha tukamwachia karatasi.

Oktoba

Uzani. Kila mtu ana nafasi yake ya kuchaguliwa, na uzani ni kinyume cha nafasi hiyo. Mjane anayeishi peke yake Katubuka, kaya yake ikichaguliwa, ni lazima awe yeye. Kijana kwenye nyumba kubwa ya Ujiji yenye watu wazima sita alikuwa na nafasi moja kati ya sita, kwa hiyo anasimama badala ya sita. Bila hesabu hiyo, utafiti ungewasikia zaidi wajane na wapweke. Baada ya hapo ndipo tunalinganisha na sensa kwa umri na jinsia. Kila hatua imeandikwa kwenye faili la programu, ili mtu mwingine aweze kuirudia yote tangu mwanzo.

Majina na namba za simu zimetenganishwa na majibu na kufungiwa mahali pengine, ili taarifa za watu zilindwe kama Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 inavyotaka. Mitaa midogo ya pwani hatutaitaja kwenye ripoti. Mwalo wenye boti chache, ukisema "mvuvi wa miaka 43 anayekunywa gongo kila siku", umeshamtaja.

Jambo moja limebaki wazi. Tulivyowafuata wavuvi kwa mwezi, wanawake wanaonunua, kuanika na kufungasha dagaa wamepatikana kidogo kuliko Mei, maana wengi wao siku za mbalamwezi, samaki wakiwa hawapo, husafiri kupeleka mizigo yao sokoni. Nimeangalia orodha ya wasiopatikana kwenye maeneo ya pwani na majina ya kike yameongezeka. Kesho tunakaa na viongozi wao Kibirizi kupanga siku za kurudi kwa kaya hizo, giza lijalo likiingia, dagaa wakianza kuanikwa na wao wakiwa kwenye chanja za kuanikia. Uzani tutaukokotoa upya baada ya hapo.